Mtoto Huyu ni wa Nani?

Mwezi wa Septemba mwaka 2018 Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilikuwa na tamthilia mbili za kisiasa hewani kwa wakati mmoja. Ya kwanza, Bodyguard, ilianza tarehe 26 Agosti, na sehemu yake ya mwisho ikatazamwa na watu zaidi ya milioni 10. Ndani yake kuna mwanamke mwenye hijabu aitwaye Nadia, ambaye anaanza kama mke aliyeonewa na mumewe na kuishia kuwa ndiye fundi wa mabomu. Waislamu wa Uingereza waliilalamikia, nao walikuwa na haki ya kulalamika. Ya pili ilianza tarehe 10 Septemba katika chaneli ya BBC Two, ikapita kwa kishindo kidogo zaidi, ingawa ilikuwa ikieleza habari za watu wa ukanda wetu wa Maziwa Makuu. Jina lake ni Black Earth Rising, yaani ardhi nyeusi inayoinuka.

Huku Tunduma ile ya kwanza ilifika mapema, ikauzwa katika vibanda vya kuingizia filamu kwenye flashi pamoja na kila kitu kingine chenye bastola jaladani. Ya pili imekuja polepole, kwa vijana wenye bando la kutosha, maana tangu tarehe 25 Januari 2019 ilisambazwa duniani na Netflix. Leo safu hii inaizungumzia hiyo ya pili. Nitaisema siri yake, kwa kuwa bila siri hiyo hatuna cha kuzungumza; asiyetaka kuijua kabla hajatazama, naomba aliweke gazeti kando kwanza.

Aliyeitunga na kuiongoza ni Mwingereza Hugo Blick. Sehemu zote 8 aliziandika yeye mwenyewe na akaziongoza yeye mwenyewe, jambo lisilo la kawaida katika runinga, ambako kazi hiyo hugawanywa kwa watu kadhaa. Kabla ya hapo alikuwa ametengeneza The Shadow Line mwaka 2011, na The Honourable Woman mwaka 2014, iliyohusu Palestina na Israel. Mtindo wake haubadiliki: mambo ya dola yanaelezwa kupitia familia moja, na kile kinachoonekana mwanzoni kuwa siasa kinageuka mwishoni kuwa siri ya nyumbani. Waingereza wana utamaduni mrefu wa tamthilia za namna hii, tangu Edge of Darkness ya mwaka 1985, ambamo mtazamaji huachwa gizani makusudi mpaka karibu na mwisho. Waandishi wetu huiita taharuki. Blick ni fundi wa taharuki, ila humchosha mtazamaji asiye na subira, kwa sababu watu wake huzungumza kwa mafumbo hata pale ambapo neno moja la wazi lingetosha.

Kisa chenyewe ni hiki. Kate Ashby, anayeigizwa na Michaela Coel, ni mwanamke kijana wa London, mpelelezi katika ofisi ya mawakili. Akiwa mtoto aliokolewa kutoka katika balaa la Rwanda, akalelewa na mwanamke wa Kiingereza, Eve Ashby, mwendesha mashtaka wa kesi za kimataifa. Mwilini ana makovu, na moyoni ana huzuni nzito inayomrudisha kwa daktari mara kwa mara. Amekua akijua kuwa yeye ni Mtutsi aliyenusurika katika mauaji ya kimbari. Siku moja mama yake anakubali kazi ya kumshtaki, huko The Hague, jenerali wa Kitutsi aliyesaidia kuyakomesha mauaji hayo na baadaye akatuhumiwa kwa jinai alizotenda nchini Congo. Kate anahamaki: vipi mama aliyemlea amshtaki mtu aliyewaokoa wa kwao? Kabla kesi haijafika popote Eve anauawa, na jenerali naye anauawa. Kate na mkuu wake wa kazi, wakili Michael Ennis, wanabaki na mafaili na swali la nani aliogopa nini kisisemwe mahakamani.

Ennis anaigizwa na Mmarekani John Goodman, naye ana msiba wake: binti yake amelala hospitalini bila fahamu, na baba anakwenda kukaa kando ya kitanda chake. Mandhari hizo za hospitali hazina risasi wala siasa, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa bora katika kazi nzima.

Waigizaji wengine wanatuhusu kwa karibu zaidi. David Runihura, mshauri mzito wa rais wa Rwanda katika kisa, anaigizwa na Lucian Msamati. Msamati alizaliwa Uingereza kwa wazazi wa Kitanzania, akakulia Zimbabwe, akawa miongoni mwa waanzilishi wa kundi la maigizo mjini Harare kabla ya kuhamia Uingereza mwaka 2003. Mwaka 2015 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuigiza Iago katika kampuni ya Royal Shakespeare. Alice Munezero, mwanamke ambaye naye alikuwa mpiganaji, anaigizwa na Noma Dumezweni, aliyezaliwa Eswatini kwa wazazi wa Afrika Kusini, akapitishwa utotoni Botswana, Kenya na Uganda kabla ya familia yake kufika Uingereza kama wakimbizi. Watu hawa hawakuhitaji kufundishwa maana ya kuhama na jina na kubaki na lafudhi.

Picha za Afrika zilipigwa Ghana. Hapo jicho la mtu wa huku linaona mara moja: udongo, nyumba, hata namna watu wanavyosimama barabarani, si ya Kigali wala si ya Goma. Mzungu wa London hatagundua, lakini dereva anayepeleka mzigo Lubumbashi atacheka. Si kosa kubwa. Jambo moja, hata hivyo, Blick alilifanya vizuri mno. Mauaji yenyewe hakuyaonyesha kwa damu ya kuigiza. Kila kisa kinapofika penye machinjo, picha inageuka michoro ya mkaa, nyeusi na nyeupe, inayotembea bila papara, kazi ya msanii Steve Small. Mtu anaelewa yote pasipo kuoneshwa mwili wa binadamu uliodhalilishwa. Kwa sisi tuliochoka na filamu zinazouza maiti za Waafrika, hiyo ni adabu.

Sasa siri. Katika kufuatilia mafaili Kate anagundua kwamba yeye si Mtutsi. Ni mtoto wa Kihutu. Watu wake hawakuuawa Rwanda mwaka 1994 na wale waliokuwa wakiwaua Watutsi. Waliuawa baadaye, ng'ambo ya mpaka, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, na askari wa upande ule ule aliokuwa akiuhesabu kuwa mkombozi wake. Mama yake mlezi alijua. Wazee waliomzunguka walijua. Walimpa nasaba nyingine kwa sababu ile ya kweli ilikuwa na hatari, na kwa sababu kuisema kungewalazimu waeleze walichokiona wakanyamazia. Huyo ndiye mtoto aliyekua akiwachukia watu wa damu yake na kuwatetea waliowaua wazazi wake, kwa nia safi kabisa.

Jambo hili Blick hakulizua kichwani. Tarehe 1 Oktoba 2010 Umoja wa Mataifa ulichapisha ripoti kubwa ya uchunguzi juu ya yaliyotendeka Congo kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Ilieleza matukio 617, miongoni mwake mashambulizi dhidi ya wakimbizi wa Kihutu, wakiwemo wanawake, watoto na wazee, baada ya majeshi kuvuka mpaka mwaka 1996. Ripoti ilisema baadhi ya matukio hayo, yakithibitishwa mbele ya mahakama yenye mamlaka, yangeweza kuhesabiwa kuwa mauaji ya kimbari. Serikali ya Rwanda iliikataa ripoti hiyo kwa ukali. Hadi leo hakuna mahakama ya kimataifa iliyoundwa kwa ajili yake. Hapa panahitaji tahadhari, maana wako wanaoyatumia ya Congo ili kuyafuta ya Rwanda. Mauaji ya Watutsi mwaka 1994 yamethibitishwa mahakamani, ushahidi kwa ushahidi, na msiba mmoja hauufuti mwingine. Tamthilia, kwa sifa yake, haidondoki katika mtego huo.

Ndugu msomaji, nimekaa na habari hii kwa sababu ya mama mmoja wa Sogea. Amenipa ruhusa niyaandike yake, nami nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike. Mumewe alifariki katika ajali ya lori. Wana kijana mmoja, sasa yuko kidato cha tano. Baba wa marehemu, yaani babu wa kijana, anaishi upande wa Nakonde, ana kiduka cha nguo, ni mzee wa msikitini. Majirani wanamwita Mkongomani kwa ajili ya Kiswahili chake, naye hajawahi kuwakosoa. Ukweli ni kwamba ni Mnyarwanda, Mwislamu tangu kuzaliwa, aliyetoka kwao mwaka 1994 na mwanawe, wakatembea Congo nzima mpaka wakaingia Zambia. Kijana haambiwi. Ameitazama tamthilia hii kwa simu, sehemu zote, akamaliza usiku wa manane, na asubuhi akamuuliza mama yake kwa nini babu hana hata picha moja ya ujanani, na kwa nini akiulizwa kwao ni wapi hutaja mji tofauti kila mara.

Mama akaniuliza: amnyang'anye simu, au amwambie?

Hofu yake si ya kipuuzi, na yeyote anayeishi mpakani anaielewa. Aprili 2016 jijini Lusaka ulienea uvumi wa mauaji ya kishirikina, na kwa uvumi huo maduka ya wageni, hasa ya Wanyarwanda, yalivunjwa na kuporwa kwa siku mbili. Watu walipoteza akiba ya miaka 20. Mzee wa Nakonde aliyekuwa akiitwa Mkongomani hakupoteza hata kufuli. Hofu ya pili ni ya makaratasi. Kijana anakaribia miaka 18, atakwenda kuomba kitambulisho cha taifa, na katika mikoa ya mpakani kama Songwe maafisa huuliza wazazi walizaliwa wapi na babu alizaliwa wapi. Mama anaogopa kwamba neno Rwanda likitamkwa, mwanawe ataambiwa si wa hapa.

Hili la pili lina jibu, na nilimpa. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtambua kuwa raia wa kuzaliwa mtoto aliyezaliwa Tanzania ambaye japo mzazi wake mmoja alikuwa raia siku ya kuzaliwa kwake. Mama huyu ni mzaliwa wa Mbozi, na cheti cha kuzaliwa cha kijana kipo. Babu aliyetoka Rwanda, au hata mbali zaidi, hamwondolei mjukuu uraia alioupata kwa mama. Kinachowatia watu matatani ni maelezo yanayopishana, leo Congo, kesho Kasama. Afisa akiona mashaka huchimba. Mwenye maneno mamoja hana cha kuficha.

La kwanza ni gumu zaidi, na hapa ndipo tamthilia ya Waingereza inapogusa jambo ambalo familia za Kiislamu zina msimamo wao wa muda mrefu. Dini yetu imehimiza kulea yatima kwa msisitizo mkubwa, lakini ikakataza kumbadilishia nasaba. Suratul Ahzab imelieleza hilo waziwazi: waitwe kwa baba zao. Wengi tumezoea kulisoma agizo hili kama suala la mirathi na nani ni maharimu wa nani. Kisa cha Kate kinaonyesha upande mwingine wake. Mtoto aliyepewa nasaba ya uongo kwa huruma alikuwa amenyimwa pia haki ya kuwalilia wazazi wake. Huzuni yake, ambayo madaktari wa London walishindwa kuitafutia jina, ilikuwa imefungiwa katika kaburi asilolijua. Sitaki kumlaumu Eve, aliokoa roho. Ila alidhani kuokoa roho kunampa ruhusa ya kuiandika upya.

Sisi wa Tunduma tungepaswa kulijua hili kuliko wengine. Mpaka wetu na Zambia ulichorwa na Wajerumani na Waingereza, na Wanyamwanga wakajikuta pande zote mbili. Harusi za Nakonde huliwa Tunduma na misiba ya Tunduma huliliwa Nakonde. Hakuna mtoto wa Kinyamwanga anayefichwa kwamba shangazi yake ni Mzambia. Kinachofichwa ni asili ile tu iliyopakwa damu.

Na Rwanda asili ilipakwa damu kwa karatasi. Katika miaka ya 1930 watawala wa Kibelgiji walitoa vitambulisho vilivyoandika kila mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na mtoto akarithi neno hilo kwa baba yake. Miaka 60 baadaye vizuizi viliwekwa barabarani na karatasi hiyo hiyo ikawa hukumu. Baada ya mwaka 1994 neno hilo liliondolewa katika vitambulisho. Babu wa Nakonde hana karatasi yenye neno lolote, na kijana, kwa kuitazama tamthilia, tayari ameanza kuuliza neno gani lingeandikwa. Hilo ndilo swali baya alilopewa na runinga. Tamthilia inamfanya kila mtazamaji awapime watu wake kwa kuuliza huyu ni wa upande gani, kama kwamba kulikuwa na pande mbili tu.

Pia kuna jambo ambalo tamthilia ililipa nafasi ndogo mno, nalo ni sehemu yetu Watanzania. Kisa chake kinazunguka London, The Hague, Kigali na Congo. Lakini mambo yenyewe yalipita kwetu kila hatua. Mkataba wa amani wa Rwanda ulitiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti 1993. Rais Habyarimana wa Rwanda na Rais Ntaryamira wa Burundi walikuwa wakitoka katika mkutano wa Dar es Salaam, tarehe 6 Aprili 1994, ndege yao ilipotunguliwa ikikaribia Kigali. Mwishoni mwa mwezi huo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa karibu siku moja. Na mahakama iliyowahukumu wapangaji wa mauaji, iliyoundwa na Baraza la Usalama tarehe 8 Novemba 1994, ilikaa Arusha, katika jengo la mikutano la AICC, mpaka ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015. Iliwafungulia mashtaka watu 93.

Katika tukio la kwanza kabisa la Black Earth Rising, kijana Mwafrika anasimama ukumbini na kumkabili Eve kwamba haki hii ya kimataifa ni ukoloni mpya, Wazungu kuwahukumu Waafrika. Blick anastahili sifa kwa kuliweka swali hilo mlangoni, yeye akiwa Mzungu anayesimulia habari za Waafrika. Nje ya runinga nalo liliunguruma; Burundi ilijitoa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwezi Oktoba 2017. Lakini mwana huyo wa ukumbini angepanda basi kwenda Arusha, angeona picha nyingine.

Kesi iliyojulikana kwa jina la Butare ilianza kusikilizwa Juni 2001, na hukumu ikatolewa tarehe 24 Juni 2011. Miaka kumi. Mashahidi zaidi ya 180. Aliyeongoza jopo la majaji alikuwa Mtanzania, William Hussein Sekule. Pembeni yake walikaa Arlette Ramaroson wa Madagascar na Solomy Balungi Bossa wa Uganda. Waafrika watatu, wawili kati yao wanawake. Mshtakiwa mkuu alikuwa Pauline Nyiramasuhuko, ambaye wakati wa mauaji alikuwa waziri wa familia na maendeleo ya wanawake. Nalirudia hilo, kwa kuwa huu ni ukurasa wa familia: waziri wa familia. Pamoja naye kizimbani alikuwa mwanawe wa kumzaa, Arsène Shalom Ntahobali. Mama na mwana walipatikana na hatia, yakiwemo makosa ya kubakwa kwa wanawake waliokuwa wamekimbilia hifadhi, na wote wawili wakahukumiwa kifungo cha maisha. Rufaa iliamuliwa tarehe 14 Desemba 2015, adhabu ya kila mmoja ikapunguzwa hadi miaka 47. Nyiramasuhuko akawa mwanamke wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari. Hakuna mtunzi wa London ambaye angethubutu kuzua kisa cha mama, waziri wa familia, akiwa kizimbani kando ya mwanawe. Kilitokea hapa nchini, na watoto wetu wa shule hawakijui.

Kesi nyingine ya Arusha nawaandikia kama mtu wa gazeti. Tarehe 3 Desemba 2003 walihukumiwa watu watatu wa vyombo vya habari: wawili wa redio ya RTLM, na wa tatu mhariri wa gazeti la Kangura, Hassan Ngeze. Gazeti lake lilikuwa limeandika kwa miaka kadhaa kwamba Mtutsi ni adui hata akiwa mke wa mtu. Alihukumiwa kifungo cha maisha, kikapunguzwa katika rufaa mwaka 2007 kuwa miaka 35. Jina lake la kwanza mnalisikia. Alikuwa mtoto wa familia ya Kiislamu.

Nataja hilo kwa makusudi, kwa sababu tunapenda kusimulia, na ni kweli, kwamba Waislamu wa Rwanda kwa jumla walijitenga na mauaji. Katika mtaa wa Nyamirambo jijini Kigali, ambako msikiti wa kwanza ulijengwa mwaka 1913 na ambako Kiswahili kilizungumzwa muda mrefu kabla ya kufanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017, watu walificha majirani zao majumbani na misikitini, Waislamu na wasio Waislamu. Ipo filamu iliyogusa hayo, Kinyarwanda, iliyoongozwa na Alrick Brown, wazo lake likitoka kwa Mnyarwanda Ishmael Ntihabose. Mwaka 2011 ilipata tuzo ya watazamaji katika tamasha la Sundance. Katika Black Earth Rising majirani wa namna hiyo hawamo. Wamo marais, majenerali, mawakili, wauaji na waliouawa. Jirani aliyefungua mlango wa uani usiku na kusema ingieni hana nafasi, kwa sababu jirani huyo hana faili, na taharuki hujengwa kwa mafaili. Naona hilo ndilo pungufu kubwa zaidi ya tamthilia hii, kubwa kuliko udongo wa Ghana.

Na hilo ndilo lililonifanya nimwambie mama wa Sogea asimnyang'anye kijana simu. Runinga imemfundisha kwamba babu ni ama wa hawa ama wa wale. Mzee wa Nakonde, kwa nilivyosimuliwa na mama mwenyewe, alikuwa na mlango wa uani. Waliingia watu watano. Alipokimbia alitoka na wawili kati yao. Kwa nini alikimbia, aliona nini njiani, na kwa nini hakurudi, ni yake kuyasema, na huenda yamo mambo yasiyompendeza mjukuu. Lakini anayajua yeye, na ana miaka 70 na ushei.

Kwa wazazi wanaotaka kuitazama na vijana wao: sehemu ni 8, kila moja karibu saa nzima, na Kiingereza chake ni kizito hata kwa mwenye kidato cha sita. Si ya watoto wa msingi. Kuna matusi, kuna mandhari chache za kurukwa, na kuna mazungumzo ya mtu kutaka kujitoa uhai, ambayo yasimpite kijana mwenye huzuni akiwa peke yake chumbani. Sehemu moja kwa siku inatosha. Wenye kufika Arusha wajue kwamba kumbukumbu za mahakama ile, hukumu na rekodi za mashahidi, zimehifadhiwa Lakilaki, katika majengo ya Umoja wa Mataifa yaliyofunguliwa Novemba 2016, na kwamba ni umma wa Watanzania unaokaa karibu nazo kuliko wote.

Kijana na mama yake watavuka kwenda Nakonde Jumapili ijayo, baada ya adhuhuri, siku ambayo mzee hafungui duka.